Rangi haiui kutu: kwa nini kiti chako cha nje kinabanduka kila ukikipaka

Uliza watu kumi namna ya kupaka upya kiti cha chuma kilichokaa nje miaka, utapata majibu matatu tu, na wenye majibu hawasikilizani. Wa kwanza atakwambia chukua redi oksaidi pitisha juu kwa juu, kutu inakufa yenyewe. Wa pili anakwambia nunua dawa ya kutu, hata msasa huhitaji. Wa tatu, na huyu ndo huwa na uhakika kuliko wote, anasema loweka kwenye siki usiku kucha halafu paka rangi, basi. Mwenye kiti anabaki ameshika brashi hajui aanzie wapi, mwisho anafanya kile kilicho rahisi, anafungua kopo na kupaka.

Nimeshafanya hivyo pia. Nilikuwa na benchi la chuma, nikalipaka rangi nyeusi ya mafuta mchana mmoja, likang'aa mpaka jirani akauliza nimenunua wapi. Msimu wa mvua haujaisha likaanza kuota malengelenge pale mguu unapokutana na kikalio. Nikabonyeza moja kwa ukucha, likapasuka kama ganda la yai, ndani kukatoka tone la maji ya rangi ya chai na unga mwekundu, na chini ya ule unga chuma kimeliwa vishimo vidogo vidogo. Yaani kutu ilikuwa inaendelea na kazi yake kama kawaida, mimi nimeifunika shuka tu.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno, maana nusu ya ubishi ni watu kuita vitu viwili jina moja. Rangi ya juu ndo ile unayoiona mwisho, ya kung'aa au isiyong'aa, kazi yake kuzuia jua na mvua. Praima ni ile ya chini inayopakwa kwenye chuma kitupu, na kazi yake ni kushika, upande mmoja ishike chuma na upande wa pili ishikwe na rangi ya juu. Redi oksaidi, ile nyekundu kama tofali, ni praima, siyo dawa wala siyo rangi ya kumalizia. Dawa ya kutu ni kimiminika, mara nyingi chenye asidi, kinachoigeuza kutu iliyobakia kuwa kitu kingine kilichotulia. Thina ni ya kuzimua rangi na kuosha brashi. Vyote hivyo vina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja ambacho kazi yake ni kung'oa kutu iliyolegea. Hiyo ni kazi ya mikono yako.

Sasa kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, oksijeni inaungana nacho, unapata ule unga mwekundu. Vinatakiwa vyote viwili, ndo maana chuma kikavu ndani ya nyumba kinakaa miaka na miaka hakina neno, na chumvi inaharakisha mambo kwa hiyo vitu vya chuma karibu na bahari vinaisha haraka. Yapo mambo mawili kuhusu kutu ambayo ukiyashika mengine yote yanajieleza. La kwanza, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili mpaka mara sita hivi, kwa hiyo ikizaliwa chini ya rangi inaisukuma rangi juu, ndo yale malengelenge. La pili, kutu ina vitundu kama sponji, inafyonza maji na kukaa nayo. Ukipaka rangi juu ya kutu iliyolegea ni sawa na kubandika plasta kwenye mkono uliojaa mchanga, plasta imeshika vizuri sana, imeshika mchanga, ila mchanga haujashika kitu.

Kwa hiyo mtu anaposema "rangi hii mbovu, imebanduka", mara nyingi rangi haina kosa. Geuza lile ganda lililobanduka uangalie mgongo wake. Ukikuta unga mwekundu umeganda pale, rangi ilishika kutu na kutu ndo iliyoachia. Ukikuta mgongo msafi, laini kabisa, hapo rangi haikushika tangu mwanzo, labda chuma kilikuwa na mafuta au kilikuwa laini mno, au siyo chuma kabisa.

Na hapo kwenye "siyo chuma kabisa" ndipo wengi wanapopigwa. Kabla hujanunua kitu chochote chukua sumaku, hata ile ya kwenye mlango wa friji, ibandike kwenye kiti. Ikishika ni chuma. Isiposhika na kiti ni chepesi unakinyanyua kwa vidole viwili, hiyo ni alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu milele. Nayo inaungana na oksijeni vilevile lakini utando wake ni mwembamba na umebana, unaziba njia hewa isiendelee kupita, wakati kutu ya chuma inapukutika na kufungua njia mpya kila siku. Ukiona unga mweupe mweupe kwenye alumini ndo "kutu" yake. Shida ya alumini ni kwamba ule utando rangi nyingi hazipendi kuushika, kwa hiyo unaisugua kidogo na msasa laini kisha unatumia praima iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya alumini, ile inayong'ata uso wake ili ishike. Ukipaka redi oksaidi ya kawaida utakuja kuibandua kama ngozi ya kitunguu.

Halafu kuna chuma kilichovikwa zinki, kile cha kijivu chenye mabaka kama barafu. Sumaku itashika kwa sababu ndani ni chuma. Hapa kuna kisa kizuri: ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki, baada ya muda zinki na unyevu vinageuza mafuta ya ile rangi kuwa sabuni. Sabuni kabisa, siyo mfano. Inatokea pale pale rangi inapogusana na zinki, na kama unavyojua sabuni haijawahi kuwa gundi, rangi inatoka vipande vipande. Kwa zinki mpya tafuta praima iliyotengenezwa kwa ajili ya kupakwa juu ya zinki au ile ya maji iliyoandikwa inafaa. Na usiisugue zinki mpaka ikaisha, ndo kinga yenyewe hiyo.

Vile viti vyenye maua maua, vizito mpaka unamwita mtu akusaidie, vingi ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Ni kigumu ila kinavunjika ukikiangusha, na uso wake una vishimo vingi vya kuficha kutu, jiandae kutoka jasho. Na vile vya kisasa vilivyopakwa kiwandani kwa rangi ya unga, ule unga unapuliziwa kwa umeme kisha unaokwa kwenye joto kama nyuzi 180 mpaka 200 za Selsiasi, ukawa ganda moja gumu. Hilo ganda kama bado limeshika huna haja ya kuling'oa lote. Lisugue lipoteze mng'ao, shughulika na palipopasuka tu.

Haya, kusafisha. Hapa ndo kazi ilipo, kwa kweli ukiniuliza ningesema katika siku mbili za kazi, siku moja na nusu ni kusafisha. Anza kwa kuosha kwa sabuni na maji, kabla ya msasa, siyo baada. Watu wanadharau hii. Kiti cha nje kina mafuta ya mikono, mafuta ya kujipaka, moshi na kinyesi cha ndege, ukianza kusugua kabla hujaosha msasa unayasambaza hayo mafuta na kuyasukumia ndani ya mikwaruzo, na mafuta ndo adui namba moja wa rangi. Osha, suuza, kiache kikauke kweli.

Kisha geuza kiti miguu juu. Kutu haianzi pale unapokalia, inaanza chini, kwenye maungio, kwenye sehemu zilizochomelewa, chini ya vichwa vya bolti, na kwenye nyayo za miguu. Kama kuna bolti zinafunguka zifungue. Kwangua kutu ya magamba kwa kisu cha rangi au tindo, halafu brashi ya waya, na kama una grinda yenye brashi ya waya kazi inakwenda haraka ila vaa miwani, zile nyaya zinakatika na kuruka kama sindano. Ukimaliza hapo chukua msasa namba 80 kwenye kutu, kisha 120, na 220 kwenye ile rangi ya zamani ambayo bado imeshika. Kumbuka namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi, kuna watu wanadhani kinyume. Pale rangi ya zamani inapoishia na chuma kitupu kinapoanzia kuna kingo, pitisha kidole usiangalie kwa macho, ukiisikia kingo endelea kusugua mpaka usiisikie, kwa sababu rangi mpya haitaificha, na maji ya mvua yatakuja kuingilia hapo hapo.

Swali linalokuja kila mara: lazima kutu iishe yote, chuma king'ae kama kijiko? Ingekuwa vizuri lakini kwa mikono huwezi, labda upeleke wakakipulizie mchanga kwa mashine. Kipimo changu ni hiki, futa kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga mwekundu mwingi bado. Kikitoka karibu safi, na chuma kimebaki na weusi weusi au wekundu uliokaza ndani ya vishimo ambao hata brashi ya waya haiutoi, hapo umefika.

Na hapo ndipo dawa ya kutu inapopata nafasi yake. Nyingi zina asidi ya fosforiki au tanini, zikigusa kutu zinaigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia, utaona kwa macho kiti kinabadilika rangi ndani ya dakika chache. Ila inageuza ile inayoigusa tu. Ukiipaka juu ya gamba nene inageuza ngozi ya juu, ndani kubaki kutu ileile, gamba likidondoka linaondoka na dawa na rangi yako. Na kwenye chuma kinachong'aa haina kutu ya kugeuza. Kwa hiyo yule wa pili hakudanganya, aliruka hatua tu. Soma pia maelezo ya kopo, nyingine zinatakiwa zioshwe na nyingine ukiziosha umeharibu.

Siki je? Inafanya kazi, asidi yake inakula kutu polepole. Kwa bolti, nati na vidude vidogo vinavyozama kwenye ndoo ni nzuri sana, usiku mmoja kutu inalainika unaitoa kwa mswaki wa zamani. Kwa benchi zima utahitaji pipa la siki, sasa hapo tunaongelea kitu kingine. Na usiloweke chenye zinki, siki itaila zinki kwanza kwa raha zake. Ukitoa kitu kwenye siki kisuuze kwa maji yenye bekingi soda kidogo kuituliza ile asidi, kisha kikaushe hapo hapo kwa kitambaa au weka juani, kwa sababu chuma kitupu kibichi kinaanza kuwa na wekundu kabla hujamaliza kunawa mikono. Hii inashangaza wengi, wanasafisha jioni, wanasema nitapaka kesho, asubuhi wanakuta kiti kimeshakuwa cha rangi ya machungwa. Chuma ukishakifanya kitupu kipake praima siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja ambayo sitaki kuipita haraka: rangi za zamani. Fenicha za miongo mingi nyuma nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani kwa mfano iliikataza kwenye rangi za majumbani mwaka 1978, maana yake kabla ya hapo ilikuwa kitu cha kawaida. Kama kiti ni cha urithi na hujui historia yake usikisugue kikavu, vumbi ndo linaloingia mwilini. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri siyo kitambaa, tandika nailoni chini ukusanye takataka zote, na watoto wakae mbali. Grinda kwenye kiti kama hicho sahau kabisa.

Praima sasa. Kuna imani kwamba redi oksaidi ikishapakwa mvua haina tena la kufanya, ndo maana unaona mageti yamekaa na ule wekundu mwaka mzima yakisubiri "rangi ya kumalizia". Praima imetengenezwa iwe na uso wa kukwaruza kidogo ili rangi ya juu ipate pa kushika, na uso wa namna hiyo unapitisha unyevu. Ukiiacha peke yake miezi, kutu inaanza chini yake. Ipake, isubiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ifunike. Kwa praima napendelea brashi kuliko kupuliza, kwa sababu brashi inaisukumia rangi ndani ya vishimo na kwenye maungio, kupuliza kunapita juu juu tu.

Kwenye rangi ya juu swali ni ya mafuta au ya maji. Rangi ya maji ya ukutani hapana, haikutengenezwa kwa chuma na yale maji yake yenyewe yanaweza kuanzisha kutu kwenye chuma kitupu kabla haijakauka. Lakini siku hizi zipo za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma na ni nzuri, zikikaa juu ya praima. Kinacholeta balaa ni kuchanganya rangi za koo tofauti. Rangi yenye thina kali ukiipaka juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, ile thina inaifumua ya chini na uso unakunjamana kama ngozi ya kiwiko, na hapo hakuna ujanja, unasugua unaanza upya. Njia rahisi ni praima na rangi za aina moja, au jaribu kwanza chini ya kikalio usubiri siku moja.

Nene siyo imara, hili nalo linasumbua sana. Tabaka moja la brashi likikauka lina kama mikroni 30 mpaka 40, nusu ya unene wa unywele hivi. Mtu anaona kidogo mno, anapaka zito kama asali. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kwa hiyo inaanzia juu, inafunga utando kama maziwa yaliyopoa, na ndani kunabaki kubichi, kunateleza na kutoa machozi. Tabaka mbili au tatu nyembamba zinashinda moja nene siku zote. Halafu anza na kingo na zile sehemu zilizochomelewa, zipake peke yake kwa brashi ndogo kabla ya tabaka zima, kwa sababu rangi ikikauka inajivuta kutoka kwenye kingo kali, na ndo maana kutu mpya huwa inaanzia kwenye kingo. Ukitumia kopo la kupuliza litikise dakika nzima baada ya kusikia kile kigololi, kaa sentimita 20 mpaka 30, na anza kupuliza nje ya kiti, pita, malizia nje, ukianzia juu ya kiti utaacha dimbwi.

Hali ya hewa: weka kiganja kwenye chuma, ukishindwa kukiacha hapo chuma ni cha moto mno, rangi itakauka kabla haijajitandaza. Mvua na unyevu mwingi ndo usiseme. Na jioni kuna mtego, rangi ikiwa bado mbichi umande ukiangukia inapoteza mng'ao na kuwa kama ina ukungu, kwa hiyo paka asubuhi umande ukishakauka umalize mapema.

Kisha usikikalie. Kukauka kwa kugusa ni saa chache, kukomaa ni kitu kingine, rangi ya mafuta inachukua siku mpaka wiki kadhaa kuwa ngumu kweli. Ukikalia siku ya pili unaamka na rangi kwenye suruali na alama ya suruali kwenye rangi.

Miguu ya bomba ina siri yake. Maji yanaingia ndani kupitia matundu ya skrubu na nyufa, yanakusanyika chini, na kutu inakula kutokea ndani ambako brashi yako haifiki. Vile vitundu vidogo kwenye nyayo si kasoro ya kiwandani, ni vya kutolea maji, usivizibe kwa rangi wala kwa filla. Vikofia vya plastiki vilivyopasuka badilisha. Na kabla hujaanza lolote chukua bisibisi uchome chome kwenye miguu karibu na ardhi. Ikizama, hicho kiti kinahitaji fundi wa kuchomelea akate aweke bomba jipya, rangi itakificha tu mpaka siku kitakapomwangusha mgeni.

Lile benchi langu nililirudia, safari hii siku tatu. Kopo lenye rangi kidogo iliyobaki lipo kwenye rafu, na juzi nimeona mguu wa nyuma wa kushoto umechubuka palipogongwa na toroli, doa dogo kama punje ya mtama. Msasa kidogo, praima kwa ncha ya kijiti, kesho yake rangi. Dakika kumi zote pamoja.